Kifuko Kilichopotelea Kwenye Ini

Juni 1999, mkemia Richard Smalley aliketi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mjini Washington. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel, pamoja na wenzake wawili, kwa kugundua molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Siku hiyo kichwa chake kilikuwa karibu kipara. Aliwaeleza wabunge sababu yake: alikuwa na saratani ya limfu, na dawa alizotiwa mwilini zilikuwa zimemwondoa nywele. Dawa hizo, alieleza, hupiga popote, kwenye seli mbovu na kwenye seli nzima. Alitabiri kwamba ndani ya miaka ishirini sayansi ya vitu vidogo kupita kiasi ingeleta dawa za kulenga seli za saratani peke yake. Akaongeza kwamba huenda yeye mwenyewe asiishi kuiona siku hiyo.

Hakuiona. Alifariki Oktoba 2005, akiwa na miaka 62. Miaka ishirini aliyoitaja nayo ilitimia mwaka 2019, na hadi leo wagonjwa wengi wa saratani wanaendelea kupoteza nywele.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama ya ahadi iliyovunjika. Lakini kuna jambo ambalo wengi wanaozungumzia nanoteknolojia hulisahau. Smalley alipokuwa akizungumza, dawa ya kwanza ya saratani ya aina hiyo ilikuwa imeshaingia sokoni miaka mitatu na nusu nyuma. Ilipewa kibali Marekani Novemba 1995. Na ugonjwa uliotajwa kwenye kibali hicho ulikuwa sarkoma ya Kaposi, saratani ambayo madaktari wa Kampala walikuwa wakiishughulikia kabla neno UKIMWI halijatungwa.

Tukitaka kujua nanoteknolojia imetupa nini, na imetunyima nini, tuifuate dawa hiyo moja tangu ilipoanza.

Kiini cha yai

Ilianzia kwenye mafuta ya kiini cha yai. Mwaka 1961, katika taasisi ya utafiti wa wanyama huko Babraham, nje kidogo ya Cambridge, daktari Alec Bangham alikuwa akichunguza mafuta yanayounda kuta za seli, kwa kuwa alitaka kuelewa damu inavyoganda. Yeye na mwenzake Robert Horne waliyaweka mafuta hayo ndani ya maji, wakayatia rangi maalumu, kisha wakayatazama kwa hadubini ya elektroni. Waliona vifuko. Vilikuwa vifuko vidogo vya mviringo, vyenye tabaka juu ya tabaka, mfano wa kitunguu kilichokatwa.

Hakuna aliyevifinyanga. Kila molekuli ya mafuta hayo ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukizimwaga ndani ya maji, molekuli hizo hujipanga zenyewe: vichwa hutazama nje na ndani kuliko na maji, mikia hufichana katikati. Matokeo yake ni ukuta wa safu mbili unaojikunja hadi kufunga duara, na ndani ya duara hilo hubaki tone la maji. Gerald Weissmann, daktari wa Marekani, ndiye aliyependekeza jina lililodumu: liposomu, yaani mwili wa mafuta.

Tone lile la maji ndilo lililowashtua watu wa tiba. Kama kifuko kinaweza kubeba maji, kinaweza kubeba dawa iliyoyeyuka ndani yake. Mwaka 1971, Gregory Gregoriadis na Brenda Ryman wa London walionyesha kwamba liposomu zinaweza kubeba vimeng'enya ndani ya mwili wa mnyama. Kufikia mwaka 1974 Gregoriadis na wenzake walikuwa wamewadunga wagonjwa wa saratani vifuko hivyo ili kuona vinakwenda wapi.

Sehemu kubwa ilikwenda kwenye ini na bandama.

Hapo ndipo penye fundo la historia hii yote. Ini lina seli zinazokaa kama askari wa getini: kila chembe ngeni inayopita kwenye damu hukamatwa na kumezwa. Kazi hiyo hutulinda na bakteria kila siku, lakini askari hawa hawatofautishi bakteria na dawa iliyofungwa vizuri. Unatuma mzigo kwenye uvimbe ulio titini, ini linaupokea njiani na kuufungua.

Dawa nyekundu

Mzigo ambao kila mtu alitaka kuufunga ulikuwa doksorubisini. Nayo ilitoka udongoni. Miaka ya 1950 watafiti wa Italia walichukua udongo karibu na Castel del Monte, ngome ya kale ya kusini-mashariki mwa nchi yao, wakapata humo bakteria wanaotoa kemikali nyekundu. Kutokana na jamii hiyo ya bakteria ikapatikana doksorubisini, iliyopewa jina la kibiashara la Adriamycin kwa heshima ya bahari ya Adriatiki iliyo jirani.

Ni moja ya dawa zenye nguvu zaidi katika tibakemia, na inatumika hadi leo, Ocean Road na Mulago na Kenyatta, kwa saratani ya matiti, ya limfu na nyinginezo. Aliyewahi kukaa na mgonjwa anayetiwa dripu hiyo anajua rangi yake, na anajua mkojo unavyogeuka mwekundu baadaye. Wagonjwa wa Marekani huiita shetani mwekundu.

Jina hilo halikutungwa kwa ajili ya rangi tu. Doksorubisini huharibu misuli ya moyo, na uharibifu huo hujikusanya dozi hadi dozi. Jumla ikipita takribani miligramu 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, hatari ya moyo kushindwa kazi hupanda haraka. Kwa hiyo daktari anaweza kuwa na mgonjwa ambaye dawa inamfaa, uvimbe unanywea, na bado akalazimika kuisimamisha. Hilo ndilo lililowasukuma watu kuhangaika na vifuko vya mafuta: walitaka kuuepusha moyo.

Mjini Jerusalem, Yechezkel Barenholz, mtaalamu wa mafuta ya seli, na Alberto Gabizon, daktari wa saratani, walianza kazi hiyo. Kifuko chao cha kwanza kilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1980, kikafeli. Kilivujisha dawa njiani, na kilichobaki kilinaswa na ini.

Walirudi maabara wakiwa na maswali mawili. La kwanza: dawa itakaaje ndani bila kuvuja? Walijaza kifuko chumvi ya amonia salfeti. Doksorubisini ikipenya ukuta na kukutana na salfeti ndani, huganda kuwa fuwele, na fuwele haiwezi kupenya tena kutoka. Mlango ukawa wa kuingilia tu. Kwa njia hiyo kifuko kimoja chenye upana usiozidi nanomita 100 hivi huweza kubeba molekuli zaidi ya 10,000 za dawa. Ukitaka kuupima udogo huo, vifuko kama mia nane vikipangwa mstari mmoja vinatosha upana wa unywele mmoja.

Swali la pili lilikuwa la askari wa getini. Jibu lilikuja kwa ushirikiano na kampuni moja ya California: nyuzi za polima iitwayo PEG, zilizopandikizwa juu ya kifuko. Nyuzi hizo huvuta maji, na maji hufunika kifuko chote. Ni kama kukivisha buibui. Kinapita mbele ya askari, nao hawapati alama ya kukitambua. Kifuko ambacho zamani kingeondolewa kwenye damu kwa dakika au saa chache sasa kilizunguka kwa siku kadhaa.

Wakati huohuo sababu ya kuamini kwamba kuzunguka sana kutasaidia ilikuwa imepatikana Japani. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, wa Kumamoto, walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe hujengwa haraka na ovyo, ikiwa na matundu ambayo mishipa mizima haina. Chembe kubwa hupenyea hapo, na kwa kuwa uvimbe hauna njia nzuri za limfu za kuzitoa, hubaki humo. Kwa hiyo kifuko hakihitaji akili yoyote, kinahitaji uvumilivu tu. Kikizunguka vya kutosha, kitavujia kwenye uvimbe chenyewe.

Kaposi, Mulago, na soko

Mwaka 1872 daktari wa Vienna, Moritz Kaposi, alieleza ugonjwa wa madoa ya zambarau kwenye ngozi ya wanaume wazee. Huko ulikuwa nadra. Katika Afrika ya kati na mashariki haukuwa nadra hata kidogo, na haukuchagua wazee peke yao. Watoto pia waliugua. Mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili. Mwaka 1967 kituo cha tiba ya saratani kilifunguliwa Mulago, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani, kikaja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Chini ya John Ziegler, na baadaye Charles Olweny, kituo hicho kilionyesha kwamba watoto wenye limfoma ya Burkitt wangeweza kupona kwa dawa, na kilifanya majaribio makini ya tiba ya sarkoma ya Kaposi pia. Maarifa ya tibakemia, kwa maneno mengine, hayakusafiri upande mmoja tu. Sehemu yake ilitoka kwenye wodi za Kampala.

Miaka ya 1980 UKIMWI ulipozuka, madoa yaleyale yalionekana kwa vijana wa New York na San Francisco. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vinavyosababisha ugonjwa huo, virusi ambavyo vimeenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko Ulaya au Marekani. Mwaka uliofuata kifuko cha Jerusalem, kwa jina la Doxil, kikapewa kibali kwa ajili ya wagonjwa hao.

Ugonjwa huo uliifaa dawa kuliko ilivyoonekana wakati ule. Sarkoma ya Kaposi hutokana na seli za kuta za mishipa yenyewe. Uvimbe wake ni mtandao wa mishipa inayovuja. Kama kuna saratani ambayo kifuko cha kuvizia kwenye matundu kingeiweza, ni hii. Nanoteknolojia ilianza na mtihani mwepesi, ikafaulu, kisha wengi wakadhani mitihani mingine ingefanana nao.

Kisha soko likahama. Kuanzia mwaka 1996 mchanganyiko mpya wa dawa za kufubaza VVU uliwafikia wagonjwa wa nchi tajiri, na sarkoma ya Kaposi ikapungua sana huko. Mwaka 1999 Doxil ikapewa kibali kwa saratani ya ovari, na 2007 kwa saratani moja ya uboho. Afrika Mashariki, ambako dawa za kufubaza VVU zilichelewa kwa miaka na ambako Kaposi ilikuwapo hata kabla ya VVU, wagonjwa waliendelea kubaki na dawa za zamani. Kifuko kilichotengenezwa kikaidhinishwa kwa ugonjwa wao kilikuwa ghali mno kwao.

Kilichopatikana hasa

Je, kile kifuko kilifanya kazi? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha doksorubisini ya kawaida na ile ya kwenye kifuko kwa wanawake 509 wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Waliopewa kifuko waliishi kwa wastani miezi 21. Waliopewa dawa ya kawaida, miezi 22. Kwa uhai, hapakuwa na tofauti ya maana.

Tofauti ilikuwa kwenye namna ya kuishi miezi hiyo. Moyo uliathirika kwa nadra zaidi kwa waliotumia kifuko. Nywele ziliwatoka asilimia 20 kati yao, dhidi ya asilimia 66 ya wenzao. Hayo si mambo madogo kwa mtu anayetaka kupanda ngazi bila kuhema, au kwenda sokoni bila kutazamwa.

Lakini asilimia 48 ya waliotumia kifuko walipata tatizo ambalo liliwapata asilimia 2 tu ya wengine: viganja na nyayo kuwa vyekundu, kuvimba, pengine kuchubuka. Kifuko kinachozunguka siku nyingi huvujia pia kwenye ngozi, hasa panapokandamizwa na kusuguliwa. Kwa mfanyakazi wa ofisini huo ni usumbufu. Kwa mwanamke anayeshika jembe, mwiko au beseni la kufulia kutwa nzima, viganja ndivyo riziki yake. Buibui lililokificha kifuko halikuondoa sumu. Liliihamisha kutoka moyoni hadi mikononi. Kwa wengi hayo ni mabadilishano mazuri. Lakini ni mabadilishano, na mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo kabla ya dripu kufunguliwa.

Baada ya Doxil fedha na matumaini vilimiminika. Mwaka 2003 mkurugenzi wa taasisi ya saratani ya Marekani alitangaza lengo la kukomesha mateso na vifo vya saratani ifikapo mwaka 2015, na mwaka uliofuata taasisi hiyo ikatangaza mpango wa miaka mitano wa nanoteknolojia wenye thamani ya dola milioni 144. Maabara zilitengeneza chembe za dhahabu, za chuma, za kaboni, chembe zenye kingamwili juu yake kama bahasha yenye anwani. Karibu zote zilitibu panya vizuri.

Mwaka 2016 kundi la Warren Chan, Chuo Kikuu cha Toronto, likafanya hesabu ambayo wengi walikuwa wakiikwepa. Walikusanya tafiti 117 za miaka kumi na kuuliza: katika kila chembe 100 zilizodungwa kwa mnyama, ngapi zilifika kwenye uvimbe? Jibu la katikati lilikuwa asilimia 0.7. Haifiki hata moja katika mia. Wapo waliopinga namna hesabu ilivyofanywa, wakisema hata dawa za kawaida hufika kidogo tu na kilicho muhimu ni kiasi kinachotosha. Wana hoja. Hata hivyo, baada ya miaka arobaini na zaidi ya ubunifu, ini lilikuwa bado linashinda.

Hatari yenye subira

Hapa ni vizuri kukumbuka historia nyingine, ya zamani zaidi. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 hospitali nyingi duniani zilitumia kimiminika kiitwacho Thorotrast ili mishipa ya damu ionekane kwenye eksirei. Kilikuwa na chembe za kiwango cha nanomita za thoriamu oksidi. Picha zilitoka safi kabisa, na mgonjwa hakusikia lolote. Lakini chembe zilikamatwa na ini, na ini halikuwa na njia ya kuzitoa. Thoriamu ina mionzi. Ilikaa humo maisha yote ya mgonjwa ikichoma polepole, na baada ya miaka ishirini au zaidi wengi wao wakapata saratani ya ini.

Thorotrast ilikuwa na mionzi, na vifuko vya mafuta havina. Mwili huvivunja na kuvitumia. Kwa hiyo si haki kuviweka kapu moja. Somo lake ni kwamba ubora wa chembe siku inapodungwa hausemi lolote kuhusu chembe hiyo miaka ishirini baadaye, na kwamba swali la kwanza kuhusu kitu kisichoyeyuka ni hili: kitatokaje? Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh na wenzao walidunga neli ndefu za kaboni, jamaa za molekuli iliyompa Smalley tuzo yake, kwenye utando wa tumbo la panya. Neli hizo zilileta uvimbe na makovu ya aina iletwayo na asbesto. Umbo peke yake lilitosha kudhuru.

Hata PEG, lile buibui, si salama kwa kila mtu. Baadhi ya wagonjwa hupata mshtuko dakika chache baada ya dripu ya kwanza kuanza, kifua kikibana na shinikizo la damu likishuka. Wengine miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya PEG, na dozi inayofuata huondolewa haraka. Askari wa getini hujifunza pia.

Na ipo hatari ambayo haimo ndani ya mwili. Kutengeneza kifuko chenye upana sahihi, ukuta sahihi na fuwele ndani ni kazi ngumu ya kiwanda. Mwaka 2011 kiwanda kimoja cha Ohio kilichokuwa kikitengeneza Doxil kilisimamisha uzalishaji, na wagonjwa wa Marekani wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri dawa yao. Februari 2012 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliruhusu toleo lililotengenezwa India liingizwe kwa dharura. Ikiwa kufungwa kwa kiwanda kimoja kuliweza kuwakausha watu wa Houston, fikiria ugavi wa Mbeya au Gulu.

Jaribio la dawa za zamani

Watafiti wa Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazili, wakishirikiana na wa Marekani, hawakusubiri. Walichukua aina tatu za tibakemia zinazopatikana katika hospitali za nchi hizo na kuzilinganisha kwa wagonjwa wa sarkoma ya Kaposi iliyokomaa wenye VVU, kila mmoja akitumia pia dawa za kufubaza virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: paklitakseli ilizishinda nyingine. Sasa daktari wa Eldoret au wa Kampala ana ushahidi, uliotokana na wagonjwa wanaofanana na wake, wa nini cha kumpa mgonjwa aliyekaa mbele yake leo.

Jaribio hilo halikutengeneza chembe yoyote mpya, na halikutangazwa kama muujiza. Lakini liliuliza swali lilelile ambalo Smalley aliwaletea wabunge akiwa hana nywele: mgonjwa huyu atapata nini kitakachompiga saratani zaidi kuliko kinavyompiga yeye?

Vifuko vya mafuta bado vina kazi mbele yao. Ndugu zao wa karibu, chembe za mafuta, ndizo zilizobeba chanjo za mRNA wakati wa Uviko, na zikadungwa kwa mamilioni ya watu. Habari za nano kuiangamiza saratani zitaendelea kuja, nyingine zikiwa za kweli. Zikija, tuulize zimelinganishwa na dawa gani, katika panya au katika watu. Tuulize zile chembe tisini na tisa zisizofika kwenye uvimbe zinaishia wapi, na kwa miaka mingapi. Kisha tuulize bei ya dripu moja, na ni hospitali gani kati ya hizi zetu imeiagiza.